Kitatange Hazeeki Kampala

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nionje maji. Hajji, mwenye duka la samaki wa mapambo pale Old Kampala, alichovya kikombe katika tangi la kioo, akaninyooshea na kusema, "Onja, binti, ila usimeze. Niambie chumvi imetosha au haijatosha." Nikaonja. Nikamwambia inauma ulimi. Akacheka mpaka kofia ikamwendea upande. "Basi hiyo ndiyo bahari," akasema. "Wazee wangu walitoka pwani kwa miguu wakaiacha nyuma. Mimi naitengeneza upya kwa ndoo."

Mimi naitwa Akello, binti wa polisi. Baba alikuwa sajini, mtu wa kaskazini, na mimi nilizaliwa kambini. Kiswahili changu cha kwanza ni kile cha kambini, cha "wewe kuja hapa" na "nani nakutuma?" Shuleni wenzangu Waganda walinicheka, wakasema hiyo ni lugha ya askari na wezi. Haya, wacheke. Lugha hiyohiyo ndiyo iliyonipa kazi, maana Hajji alikuwa anazeeka na masikio yamemchoka, akataka mtu wa kuongea kwa simu na wazamiaji wa pwani ya Kenya wanaomletea samaki. Mzamiaji mmoja, Kombo, ndiye aliyeninyoosha ulimi, simu baada ya simu, mwaka baada ya mwaka, bila kunicheka hata mara moja.

Watoto wa dada yangu wanaponiuliza nilifanya kazi gani maisha yangu yote, nawaambia nilitunza samaki. Wanadhani ngege, wale wa ziwani wa kuuza sokoni. Hapana. Nilitunza samaki wa bahari katika mji usio na bahari, miaka thelathini na ushei, na katika miaka hiyo yote nilitaka jambo moja tu. Nilitaka kitatange mmoja azeeke mikononi mwangu, afe kwa uzee wake, siku ambayo Mungu amempangia. Mmoja tu. Nitawaeleza nilivyolikosa.

Kwanza mumjue samaki mwenyewe. Kitatange ninayemsema mimi ni yule mkubwa wa miambani, ambaye wateja wa Kampala walimwita malaika kwa sababu ya uzuri. Ni bapa, mrefu wa kiganja hadi kiwiko akikua, na mwili wake wote una mistari ya manjano na buluu inayokimbia kutoka shavuni mpaka mkiani. Mkia ni wa manjano ya kukolea. Machoni kapitishiwa utepe mweusi wenye kingo za buluu, utadhani kajifunga kitambaa, na mdomo wake ni mweupe, mdogo, wa kudonoa. Chini ya shavu, kwenye kifuniko cha matamvua, ana mwiba mmoja mkali. Mwiba huo ndio unaowatambulisha watu wasiojua kazi. Asiyejua hutumbukiza wavu, mwiba unanasa kwenye nyuzi, samaki anajipigapiga mpaka shavu linachanika. Anayejua humkinga kwa bakuli, taratibu, na maji yake ndani.

Kwao ni kwenye matumbawe, yale mawe hai ya baharini, penye maji maangavu na mkondo wa kutosha. Mkubwa anakaa karibu na pango au chini ya ukingo wa mwamba, na eneo lake ni lake. Dume huwa na jike mmoja au wawili, na dume mwingine akikatiza hapo anafukuzwa. Chakula chake hasa ni sifongo, zile zinazoota juu ya mawe, ndiyo maana kumlisha huku bara ni kazi ya mtu na akili zake. Na akishtuka anatoa mlio, ko, ko, ko, kama mtu anagonga meza kwa kidole. Mara ya kwanza kuusikia nilidhani kioo kinapasuka.

Lakini ajabu yake kubwa ni utoto wake. Mtoto wa kitatange hafanani na mzazi hata kidogo. Ni wa buluu nzito inayokaribia weusi, na mwilini ana duara nyeupe, duara ndani ya duara, ile ya ndani kabisa ikiwa karibu na mkia. Ukiwaweka pamoja, mtu yeyote ataapa kwamba ni samaki wa aina mbili. Kombo alinieleza sababu kwa maneno machache. "Mkubwa hampigi asiyefanana naye, dada. Mtoto akivaa nguo zake za kitoto, apita mlangoni pa baba asiulizwe. Siku abadilipo nguo, na atafute kwake."

Nikalishika hilo. Laiti ningelishika vizuri.

Kwa Hajji nilijifunza maji. Maji ya bomba ya Kampala yana dawa, kwa hiyo yanawekwa kwenye mapipa na kupuliziwa hewa mpaka dawa itoke, ndipo unatia chumvi ya bahari iliyotoka ng'ambo kwenye mifuko. Ulimi ulikuwa wa kukisia tu. Kipimo chenyewe ni kijiti cha kioo kinachoelea: kikizama, maji hayajakolea, kikipanda sana, yamezidi. Halafu unasubiri. Tangi jipya linahitaji wiki nyingi kabla halijaweza kupokea samaki, kwa sababu kuna vijidudu vya kusafisha uchafu ambavyo lazima viote kwanza kwenye mawe na kwenye chujio. Asiyeweza kusubiri, hii si kazi yake.

Mwaka wangu wa pili, mifuko ya chumvi ilikwama mpakani. Tangi la kitatange lilikuwa linahitaji kubadilishwa maji, na Hajji hakuwa mtu wa kukaa na wasiwasi. Akatuma mtu sokoni Nakivubo, akarudi na gunia la chumvi ya Katwe, ile ya ziwa la chumvi kule magharibi, ambayo watu huwapa ng'ombe na kupikia maharagwe.

"Hajji, hii si ya bahari," nikasema.

"Chumvi ni chumvi, binti. Aliyeiweka baharini ndiye aliyeiweka Katwe. Pima."

Nikapima. Kijiti kikaelea palepale panapotakiwa. Nikaona aibu kwa kumbishia mtu mzima. Tukamimina maji. Kabla ya adhuhuri kitatange alikuwa amelala ubavu, matamvua yanapanda na kushuka haraka haraka, na ile manjano yake imefifia kama nguo iliyofuliwa sana. Kumbe kijiti kinapima uzito wa maji tu, hakijui ni chumvi gani iliyomo. Ya Katwe ina magadi na mambo mengine ambayo bahari haina kwa kiasi hicho. Alipokufa nililia mbele ya wateja. Hajji akanipa leso yake mwenyewe, akanipigapiga begani.

"Usilie. Tutaagiza mwingine."

Hakuwa mtu mbaya, Mungu amrehemu. Lakini sentensi hiyo, tutaagiza mwingine, ndiyo iliyokuwa kazi yetu yenyewe. Alikufa mmoja kwa umeme kukatika, tukaagiza mwingine. Alikufa mwingine kwa njaa, akitazama uduvi tuliompa bila kuugusa, tukaagiza. Na mimi nikajifunza kuisema kwa wateja, kwa sauti ya upole, nikiwa nimeshika daftari. Leo nikiikumbuka sauti yangu hiyo natamani kujizaba kofi.

Hajji alipofariki, wanawe waligeuza duka likawa la vipuri vya simu. Mimi nikachukuliwa na Afande mmoja, mwanajeshi wa cheo cha juu, aliyekuwa na tangi sebuleni kwake refu kuliko kitanda. Nyumbani kwake nilikuwa nakuja asubuhi na kuondoka jioni, na mlinzi wa getini alikuwa anapiga saluti kwa samaki waliobebwa kwenye ndoo, kwa mzaha, na mimi nampigia mguu kama binti wa sajini. Miaka hiyo ilikuwa mizuri. Afande alikuwa akirudi nyumbani anavua viatu, anakaa kimya mbele ya kioo, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kumsemesha mpaka chai ipoe.

Alikuwa na kitatange mmoja mkubwa, aliyemleta mwenyewe kutoka safari. Akataka wa pili. Nikamweleza kwamba wakubwa wawili hawakai tangi moja, watauana. Akaniuliza, "Hakuna njia?" Na mimi, kwa ujuaji wangu, nikasema ipo. Nikamwagiza mtoto kwa Kombo.

Mtoto alikuja mdogo wa kuenea kiganjani, na zile duara zake. Yule mkubwa alimtazama mara moja akaendelea na shughuli zake. Karibu miaka miwili walikaa pamoja. Mtoto alikuwa akimdonoadonoa mkubwa ubavuni, anamtoa uchafu, na mkubwa anasimama kimya na mapezi yake yametanuka, anasubiri ahudumiwe. Afande aliwaita wageni waje kuona. Nilisifiwa pale, jamani. Na sifa zinalevya.

Kisha asubuhi moja nikaona kwenye ubavu wa mtoto, kati ya duara na duara, uzi mwembamba wa manjano. Nilijua maana yake. Niliujua wajibu wangu pia: kumtoa siku hiyohiyo kwa bakuli, nimweke kwenye tangi la pembeni. Lakini mabadiliko hayo ndiyo kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona kwa macho yangu, kwa sababu kwa Hajji hakuna mtoto aliyeishi hadi kufika hapo. Nikasema, bado ni mtoto, duara bado zinaonekana. Siku zikapita, nyuzi zikaongezeka. Afande akasema Jumamosi anao wageni wa maana, wangependa kumwona akiwa nusu mtoto nusu mkubwa. Na hapa sitamsingizia mtu: yeye aliuliza kama ni salama, na mimi nilijibu, "Salama, Afande. Nitamtoa Jumapili."

Ijumaa asubuhi mlinzi hakupiga saluti. Aliniangalia tu, akasema, "Madam, ingia haraka." Mtoto alikuwa kwenye kona, juu, karibu na bomba la hewa, mapezi yameliwa, jicho moja halipo. Mkubwa anazunguka katikati ya tangi na ko, ko, ko yake. Nilimkinga kwa bakuli akafia humo.

Afande alisimama nyuma yangu na gauni lake la asubuhi. "Huyu mkubwa mimi siwezi laumu yeye," akasema. "Ameona mtu amevaa sare yake ndani ya nyumba yake. Lakini wewe. Wewe ulijua itakuwa hivi?"

"Nilijua, Afande."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mwanajeshi asiyejua, tunafundisha," akasema. "Mwanajeshi anayejua na hafanyi, tunafukuza. Kwenda."

Nikaenda. Sikumchukia na hadi leo simchukii. Watu wananiambia yaliyopita si ndwele. Kwangu mimi ni ndwele, tena ya kudumu. Ndipo nilipoapa kwamba nikipewa mwingine, sitamweka na mtu, sitamwonyesha kwa mtu kabla ya wakati, na huyo atazeeka.

Nilipewa. Hoteli moja kubwa ya mjini ilikuwa inajengewa tangi ukutani, sehemu ya mapokezi, na Meneja Mkuu, mzee mmoja mpole wa Busoga, alisikia habari zangu, hata ile mbaya. Akaniuliza swali moja tu: "Kosa lako kubwa katika kazi hii ni lipi?" Nikamsimulia habari ya Ijumaa ile, mwanzo mpaka mwisho. Akasema, "Kale, nnyabo," yaani haya, mama, "anza Jumatatu."

Kombo akanitumia mtoto mwingine, mdogo kama kifuniko cha soda. Alipoanza kupata mistari, alikuwa peke yake wa jamaa yake katika tangi zima, na niliyaona mabadiliko yote, mstari kwa mstari, mwaka mzima na zaidi. Duara zilifutika polepole kutokea kichwani. Niliketi pale kwenye kiti cha wageni nikalia, na mpokezi akaniletea glasi ya maji akidhani nimefiwa. Nikampa samaki jina la Sajini, kwa ajili ya baba na tepe zake.

Miaka kumi na tisa, wasomaji wangu. Miaka kumi na tisa nilimlisha kwa mkono. Sifongo halisi sikuweza kumpatia kila siku, basi nilimtengenezea donge la uduvi, kome, mwani mkavu na kidogo cha chakula cha sifongo kilichotoka ng'ambo, na mara mbili kwa wiki jani la dodo, yaani mchicha, lililochovywa maji ya moto. Mgeni mmoja alimtupia kipande cha rolex, ile chapati ya kukunjiwa mayai, mafuta yakatanda juu ya maji, nikamfokea mgeni yule mbele ya mkewe mpaka Meneja Mkuu akaja kuniomba nipunguze sauti. Jenereta ilipogoma siku moja, nilichota maji kwa mtungi na kuyamimina tena humohumo ili yapate hewa, kuanzia wakati wa kifungua kinywa hadi alasiri, na mikono ikavimba nikashindwa kusuka nywele wiki nzima. Sajini alikuwa amekaa chini ya jiwe lake ananitazama. Alinijua. Akiwaona wengine anabaki pangoni, akiniona mimi anakuja kioo cha mbele. Nilijiambia, Akello, huyu ndiye. Huyu atazeeka.

Meneja Mkuu alistaafu akaenda kulima kwao. Akaja Meneja Mpya, kijana msafi, ameshasoma ng'ambo, hana kiburi hata kidogo. Hilo lilifanya iwe vigumu hata kumkasirikia. Aliniita ofisini, akanipa kiti, akaagiza chai.

"Auntie, mapokezi tunayavunja," akasema. "Wenye hoteli wanataka sura mpya. Na wewe mwezi ujao unafika umri wa kustaafu, nimeona kwenye faili. Kwa hiyo nimeona mambo haya mawili yaende pamoja."

"Na tangi?"

"Hapo tutaweka skrini kubwa. Auntie, hata samaki watakuwepo! Video nzuri, bahari nzima, hakuna kusafisha, hakuna jenereta."

"Na Sajini?"

Alinitazama kama ambaye hakuwa amefikiria hilo kabisa. Na kweli hakuwa amefikiria. "Si utamchukua wewe?" akauliza.

Mimi nakaa chumba na sebule. Umeme wangu unakatika kila ukijisikia. Samaki wa urefu ule anahitaji maji mengi kuliko yanayoingia chumbani kwangu, na tangi jipya, nimeshawaambia, linahitaji wiki nyingi kuiva. Nilimwomba Meneja Mpya miezi mitatu. Akasema mafundi wanakuja baada ya wiki mbili, mkataba umeshasainiwa, pole sana Auntie. Na nadhani pole ile ilikuwa ya kweli.

Nikaanza kuzunguka. Maskini mimi, na umri huu, kama mtu anayetafutia mwana shule. Maduka ya samaki yaliyobaki yanauza wa maji baridi tu. Watu wenye matangi ya chumvi majumbani, ama wamehama ama wameyageuza kabati la vyombo. Nikaambiwa Kisenyi yuko Msomali mwenye hoteli ya chakula ambaye analo la bahari. Nikaenda. Mtu mwungwana huyo, alinikaribisha chai ya maziwa na sambusa kabla sijaeleza shida yangu. Aliponisikia akaweka mkono kifuani.

"Mama, umefika. Leta hata leo. Hapa nyumbani kwake."

Akanipeleka nyuma kuliko na tangi. Nikainama. Kutoka chini ya jiwe akatoka kitatange mkubwa, mistari yake yote imekamilika, akaja hadi kioo akanitanulia mapezi. Ko, ko. Nilibaki nimeinama hivyohivyo.

"Mama, vipi?"

"Watauana," nikasema.

"Tuweke kioo katikati."

Nikalipima kwa mkono wangu. Kila mmoja angebaki na nafasi ambayo asingeweza hata kugeuka vizuri, na maji hayangetosha wawili. Nikamwambia wale wadogo wa tangini nitamletea, Sajini hapana, ahsante, Mungu akubariki kwa moyo wako. Akanisindikiza mpaka barabarani akinibembeleza nijaribu tu, pengine watazoeana. Ningekuwa bado binti wa kwa Hajji ningejaribu. Lakini nilikuwa nimeshawahi kusema "salama" mara moja nikijua si salama, na sikuwa na nguvu ya kuisema tena.

Nikampigia simu Kombo. Naye amezeeka, sauti imekwaruza.

"Kombo, nataka kumrudisha kwao. Palepale ulipomtoa."

"Dadangu," akasema, "wamrudisha wapi? Mwamba ule haupo. Maji yalipata joto mwaka baada ya mwaka, matumbawe yakawa meupe pe, kisha yakafa, yakashika ukungu wa kijani, mawimbi yakayavunja. Pale nilipomtoa sasa ni kifusi. Sifongo sasa azione wapi? Mimi mwenyewe nimeacha kuzamia. Nashuka naona mawe."

"Sehemu nyingine basi. Kusini zaidi."

"Hajui kujitafutia, huyo. Kisha ameishi na samaki wa bahari nyingine humo tangini mwenu, ana maradhi asiyoyajua mtu, na wenye mamlaka wakimwona mtu amwaga samaki wa tangi baharini wamshika. Na wana haki. Dada Akello, huyo si wa bahari tena. Tulimtoa mimi nawe."

Mimi nawe. Hakulisema kwa ukali. Nikakata simu bila kuaga, mtu niliyeongea naye maisha yangu yote.

Siku mbili kabla ya mafundi kuja, nilinunua mafuta ya karafuu. Nitawaambia na hili kwa sababu ni sehemu ya kazi, na wengi hulikwepa. Samaki asiyeweza kusaidiwa hatupwi nje afe kwa kukosa hewa, wala hamwagwi chooni. Anawekwa katika chombo chenye maji yake mwenyewe, yanatiwa mafuta ya karafuu yaliyokorogwa vizuri kwanza, kidogo ili alale, kisha mengi. Nilikuwa nimeshawafanyia wagonjwa. Sajini hakuwa mgonjwa. Macho yake yalikuwa maangavu, mkia haujachakaa, alikuwa amekula asubuhi hiyo. Angeweza kuishi miaka mingine, na miaka hiyo niliipigania mimi.

Nilisubiri wageni wamalize kifungua kinywa. Nikashusha bakuli ndani ya tangi, nikijiandaa kumkimbiza taratibu nyuma ya mawe kama tunavyofanya. Sikuhitaji. Aliuona mkono wangu akaja mwenyewe, akaingia katika bakuli, akawa anadonoa vidole vyangu akitafuta donge. Jamani. Yii, banange! Nilimbeba hivyo hadi nyuma ya jiko, anadonoa njia nzima.

Alipokwisha, mpishi mmoja alitoka kumwaga maganda akasimama. "Jjajja," akauliza, kwa heshima ya mjukuu kwa bibi, "huyu analiwa?" Nikamwambia haliwi. Nilimfunga katika taulo, nikamzika nyumbani, penye migomba ya jirani yangu.

Siku ya kuniaga walinikatia keki. Juu yake walikuwa wamechora samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, ambaye hata sikuwahi kumfuga. Meneja Mpya alitoa hotuba nzuri, akasema nimeleta bahari Kampala. Watu wakapiga makofi. Nilisimama nikasema ahsanteni, nikakaa, kwa sababu kama ningeendelea kuongea ningesema ukweli. Ukweli ni kwamba nilijiita mtunzaji, na kazi niliyoifanya ni kupokea viumbe hai kutoka mahali pao na kuwasindikiza kaburini, mmoja baada ya mwingine, kwa ustadi mkubwa. Wengine iliwachukua siku moja, mmoja ikamchukua miaka kumi na tisa. Kule walikotoka nako kumekufa. Wazee wengi hustaafu wakiwa na la kuwapa vijana, ushauri, fahari, angalau hadithi ya kuchekesha. Mimi nikitafuta nakuta mikono mitupu.

Hivi majuzi binti mmoja amenipigia. Ana sauti ya furaha, ananiita Maama, anasema ameona picha za vitatange kwenye simu, anataka kufungua duka la samaki wa bahari, na kila anayemuuliza anamwambia mtu pekee anayejua ni mimi. "Nifundishe, Maama. Nitakuja hata kila siku." Nilimwambia nitafikiri. Nimefikiri, na jibu nimeliandika hapa, alisome na wengine walisome. Binti yangu, nimekueleza anavyofanana, anakokaa, anachokula, anavyobadilika na anavyogombana, anavyokingwa na anavyolazwa. Limebaki jambo moja ambalo sikuligusa, na ndilo unalolitaka: namna ya kumfikisha Kampala akiwa hai. Hilo tuliobaki tunaolijua ni watu wawili, mimi na Kombo, na tumekubaliana kwa simu wiki iliyopita kwamba hatutamwambia mtu.